“Majani tu hayo”: tunavyodanganyana kuhusu mimea ya maruweruwe na watoto wetu

Nauza viungo na dawa za asili Kariakoo, kwenye meza niliyorithi kwa mama. Karafuu, iliki, habasoda, mlonge, mvuje, ubani wa kufukiza, na zile chupa za nyuma ambazo hazina maandishi, maana mama hakuona haja ya kuandika kitu anachokijua kwa kunusa. Mchana mmoja wa Februari, jua linachoma hadi lami inanata kwenye ndala, akaja kijana. Suruali ya shule, juu fulana ya mpira ya kufichia shati.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupe nini?”

“Nasikia unauza yale majani ya kuona sinema.”

Wenzake wawili walikuwa kwa muuza soksi, wanajifanya kuchagua soksi. Nikajua anachotaka: mnanaha, mmea unaomfanya mtu aone visivyokuwepo, ambao wengine huuita mranaha. Mama alikuwa akiwauzia wazee wa pumu. Nikamwambia hakuna, akaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza na wenzangu wa sokoni, na wazazi wa mtaani kwangu Mbagala, kuhusu kuiwekea mimea ya namna hii umri wa mnunuzi. Nilitegemea tutabishana juu ya sheria. Kumbe tunabishana juu ya mambo ambayo nusu yake si kweli, nami mwenyewe baadhi nilikuwa nayaamini.

“Majani tu hayo. Cha asili hakiui.”

Hii ndiyo mama yao zote. Mnanaha una atropini na skopolamini, kemikali zilezile ambazo hospitali huzitumia kwa kipimo cha kuhesabu matone. Daktari wa macho akikutia tone mboni ikafunguka, mara nyingi ni atropini au ndugu yake. Tofauti ni kwamba chupa ya hospitali imepimwa, na jani halijapimwa na mtu. Mmea mmoja na mwingine hazilingani nguvu. Hata kwenye mmea mmoja, jani na mbegu hazilingani, na za masika na za kiangazi hazilingani. Mtu hawezi kusema “nilikunywa kidogo kama jana” kwa sababu kidogo cha leo huenda ni mara kadhaa ya cha jana.

Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa msaada ambao unga wake ulikuwa na sumu za mmea wa jamii hii. Hakuna aliyetafuta ulevi pale. Walikunywa uji.

Na kwa kuwa nimefika hapo: mnanaa wa kutia kwenye chai na mnanaha ni vitu viwili. Nimeulizwa na mteja zaidi ya mmoja. Mnanaa una harufu nzuri ya baridi. Mnanaha ukiusugua jani mkononi unanuka vibaya, ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake lina miiba. Ukiwa na shaka, usitie kitu kwenye birika.

“Kingekuwa kibaya, serikali ingeshakipiga marufuku.”

Jirani yangu wa meza, mzee wa watu, hili hulisema kama amemaliza kesi. Lakini kilichokatazwa na kilicho hatari ni orodha mbili. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unashughulika na mimea mitatu: mpopi wa afyuni, mkoka unaotoa kokeini, na mbangi. Mnanaha haumo, na wala hakuna magenge yanayousafirisha kwa meli. Unaota wenyewe jalalani, kando ya reli, popote penye udongo uliokula samadi. Nani atausafirisha?

Ndiyo maana mtoto anayeogopa kukamatwa na msokoto wa bangi anaweza kugeukia jani ambalo askari hata hatalitazama mara mbili, akidhani amechagua chepesi. Amechagua kizito zaidi. Mtu aliyekunywa mnanaha hajui kwamba anachokiona hakipo. Anazungumza na mtu asiyekuwepo, anamjibu, anavuta sigara ambayo haipo mkononi, anaidondosha, anainama kuitafuta. Siku mbili baadaye huenda asikumbuke hata moja. Kwa barabara za jiji hili, na magari yake, hilo peke yake linatosha kumaliza maisha kabla sumu haijafanya kazi yake.

“Basi na bangi nayo iwe kuanzia miaka 18.”

Hapana. Bangi na mirungi nchini kwetu vimekatazwa kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Ukisema “asiuziwe mtoto”, umesema kimyakimya kwamba mkubwa auziwe. Mpaka wa umri unafaa kwa kile ambacho mtu mzima anaruhusiwa kununua. Mirungi, halafu, si mmea wa maruweruwe. Unachangamsha na kukimbiza usingizi, ndiyo maana madereva wa masafa marefu wanaupenda. Kenya ni zao halali lenye wakulima wake, huku kwetu ni kosa. Wateja wangu wengi wanachanganya hayo yote kwenye kapu moja linaloitwa “vilevi”, kisha wanashangaa mjadala hauendi.

“Mnataka kuua tiba asili.”

Hii inaniuma, kwa sababu chupa ya mama ninayo. Majani ya mnanaha yalivutwa kwa ajili ya pumu hapa pwani, na hata Ulaya waliwahi kuuza sigara zake kwa wagonjwa wa pumu. Mama hakuwa mchawi. Yaliwafungua kweli vifua, kwa sababu kemikali zile hulegeza njia za hewa. Leo hospitali ina dawa za kuvuta za pumu zilizopimwa, na nisingemshauri mtu arudi kwenye jani. Lakini mtu mzima anayekuja na historia yake ni habari nyingine na mtoto wa shule anayekuja na wenzake wawili kwenye soksi.

Marekani walilipitia hili na mmea mwingine wa maruweruwe, salvia, ambao asili yake ni kwa Wamazateki wa Oaxaca, Mexico, wanaoutumia kwenye uganga wao. Majimbo yaligawanyika. Delaware iliupiga marufuku kabisa mwaka 2006. Maine mwaka uliofuata ikachagua kuukataza kwa walio chini ya miaka 18. California nayo, kuanzia Januari 2009, ikafanya kosa kumuuzia mtoto, mkubwa ikamwacha. Kwa hiyo kukataza na kuweka umri ni milango miwili tofauti. Sisi tayari tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la kusajili waganga. Mganga aliyesajiliwa hapotezi kitu ikiwa mtoto wa kidato cha pili hawezi kununua jani mezani kwangu.

Na wale wanaouliza kwa kejeli kama tutakataza na kungumanga kwenye pilau: kungumanga nyingi kupita kiasi hutapisha, hukimbiza moyo, na huchanganya akili kwa siku nzima, hilo ni kweli. Ya pilau haifiki huko. Hakuna anayetaka kumwomba mtoto kitambulisho kwa sababu katumwa viungo vya Ijumaa. Ila akija peke yake anataka gunia, nitamuuliza pilau ya watu wangapi.

“Mtoto akiona vitu visivyokuwepo, kapandwa.”

Hapa ndipo nina kisa, na sitataja mtu.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Jioni moja alikutwa nyuma ya nyumba anaokota hewa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nyuzi kwenye kitenge. Anamwita bibi yake, na bibi alishafariki. Mama mtu akapiga yowe, watu wakajaa. Mmoja akasema jini la bibi, mwingine akasema wamemtupia. Akapelekwa kwenye maombi, wakamshika mikono na miguu, wakamwombea usiku kucha. Silaumu dua, na mimi nilikuwemo nikiitikia amina.

Kilichonishtua ni kumgusa. Usiku wa Dar, wa joto lile, sisi wote tumelowa, yeye ngozi ilikuwa kavu kama karatasi, na ya moto. Hakuwa na jasho hata tone. Midomo imekauka hadi inapasuka, mboni za macho zimekula jicho zima, na ukimwekea tochi hazisinyai. Na tumbo la chini lilikuwa limejaa, linauma, kwa kuwa alikuwa hajakojoa tangu mchana. Vitabu vinasema ngozi huwa nyekundu pia. Kwa rangi zetu hilo usilingojee.

Alfajiri baba yake mdogo akasema basi, akaita bajaji. Hospitalini wakamwekea mpira wa mkojo, wakamtundikia maji, wakampoza. Nesi mmoja, mama wa makamo, hakuuliza kuhusu majini. Aliuliza: “Kala nini? Kanywa nini? Nani alikuwa naye?” Ndipo rafiki yake akasema walichemsha majani. Tulipoteza saa tisa. Alipona, ila kwa wiki nzima alikuwa hawezi kusoma maandishi ya karibu, macho hayajarudi. Majani waliyanunua. Wapi, sikuambiwa, na nilishukuru kutoambiwa, maana nilikuwa nahesabu kichwani mwezi ule niliuza kwa nani.

Kwa hiyo ukweli ni huu: ngozi kavu ya moto, mboni zilizofunguka, kinywa kikavu, moyo unaokimbia, mkojo uliozuilika na maneno yasiyoeleweka ni dalili za sumu. Mwombee ukiwa ndani ya bajaji.

“Mpe maziwa, yatakata sumu.”

Hayakati. Ndimu haikati, mafuta ya kula hayakati, na kumtapisha mtu aliyechanganyikiwa ni kumtafutia kuyavuta matapishi kwenye mapafu. Mmea huu pia hupunguza mwendo wa tumbo, kwa hiyo mbegu zinaweza kukaa ndani zikiendelea kutoa sumu muda mrefu baada ya kumezwa. Ndiyo maana anayeonekana ametulia saa nne usiku anaweza kuchafuka tena baadaye. Mpeleke, na kama mabaki ya majani yapo, yafunge kwenye mfuko uende nayo.

“Mpelekeni kliniki ya methadoni.”

Methadoni ni kwa wanaotumia heroini na jamii yake. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na imewarudisha wengi kwenye familia zao. Kwa mtu aliyekunywa mnanaha haina kazi.

“Anayetaka atapata tu, sheria ya nini?”

Nakiri hoja hii ina mguu mmoja wa kusimamia. Mnanaha uko jalalani, hakuna sheria itakayolinda kila jalala. Lakini mtoto wa mjini, nikuambie kweli, hajui kuutambua. Angeujua angekuja kwangu? Anamhitaji muuzaji amwambie “huu ndio wenyewe”. Muuzaji ndiye anayeligeuza gugu kuwa bidhaa. Mnakumbuka viroba, vile vipakiti vya pombe vilivyoingia kwenye mfuko wa shati la shule bila kutokeza. Vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, pombe haikuisha nchini. Kilichoondoka ni ule wepesi wa mtoto kununua kipakiti kwa chenji ya nauli na kukificha kwenye soksi.

Tena si kwamba hatuna pa kuanzia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia sigara, pombe na vilevi. Tatizo ninaloliona kutoka mezani ni neno “vilevi”. Muuzaji atakuambia yeye hauzi kilevi, anauza dawa ya kifua. Mimea ikitajwa kwa majina, mnanaha mmojawapo, na kwa majina yote tunayoyatumia sokoni, huo mwanya unaziba.

“Tutajuaje ana miaka mingapi?”

Kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo asiye nacho unamuuliza zaidi. Wapo watu wazima wenye namba tu bila kadi, najua, mimi mwenyewe nilikaa na namba kwa muda mrefu. Namba nayo inaanza na mwaka wa kuzaliwa. Kijana wa fulana ya mpira angenitajia namba gani?

Chupa ya mama nimeishusha chini ya meza. Nimeibandika karatasi, kwa mara ya kwanza ina jina. Juu ya meza nimeandika kwa kalamu nene kwamba dawa za chini haziuzwi kwa mtoto, na kila anayeziulizia ataulizwa ni ya nani na ya nini. Mzee jirani yangu alicheka, akasema nitafukuza wateja. Juzi akaja baba wa miaka hamsini na kitu, nikamuuliza, akakasirika: kwani yeye ni mtoto? Akavuka hadi meza ya mzee. Mzee akanitupia jicho, akajikuna kidevu, halafu nikamsikia: “Ya nani, bwana? Na ya nini?”