Kabla hujamuaga fundi wa maabara

Kila mwisho wa muhula, kuandika habari za watumishi wa kituo chetu cha utafiti wa mazingira huniangukia mimi. Kazi yangu hasa ni kutunza data: vipimo vya maji ya ziwa, mvua, joto la hewa na la udongo, ambavyo kituo kilianza kuvikusanya zamani kabla sijafika. Wenzangu wengi hudhani kazi hizi mbili zimenikuta kwa bahati tu, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika. Miaka ya mwanzo nami nilidhani hivyo. Nilikuwa nikiandika kwamba fulani amepandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, fulani amerudi kutoka likizo ya uzazi, fulani amestaafu na tunamtakia maisha mema. Aya tatu na picha ya pamoja, kazi imekwisha.

Kilichonibadilisha ni grafu moja. Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa akichambua uangavu wa maji ya ziwa kwa miaka mingi mfululizo, akagundua kwamba kuanzia mwezi fulani maji yalikuwa maangavu zaidi ghafla, na hayakurudi tena yalipokuwa. Alitafuta sababu kila mahali. Aliangalia mvua, akaangalia mashamba yaliyo kando ya mto unaoingia ziwani, akaangalia samaki. Alikuwa ameshaanza sura nzima kuhusu kupungua kwa mwani. Siku alipokuja ofisini kwangu, aliuliza swali dogo tu: je, kifaa kilibadilishwa? Hakikubadilishwa. Nikafungua matoleo ya zamani ya habari za watumishi, na katika lile la muhula uleule nikakuta sentensi moja: fundi wetu wa uwandani amestaafu, nafasi yake imejazwa.

Tukashuka stoo kutafuta madaftari ya uwandani. Kwenye kurasa za mzee yule, kila siku ya kipimo ina namba mbili, moja chini ya nyingine, halafu ya tatu imepigiwa mstari. Ukifungua ukurasa wa kwanza wenye mwandiko wa kijana aliyemfuata, unakuta namba moja tu.

Inabidi nieleze kifaa chenyewe. Diski ya Secchi ni sahani ya duara, yetu ina upana wa sentimita 20, imegawanywa robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, na inaning'inia kwenye kamba yenye alama za urefu. Asili yake ni majaribio ya padri na mwanaastronomia wa Kiitalia, Angelo Secchi, aliyoyafanya baharini mwaka 1865. Unaishusha majini taratibu, upande wa mtumbwi ulio kivulini, mpaka isionekane tena. Unasoma kamba. Kisha unaivuta juu polepole mpaka ionekane tena, unasoma mara ya pili. Kipimo ni wastani wa hizo mbili, kwa sababu jicho linaloisindikiza diski ikizama huifuata mbali zaidi kuliko jicho linaloitafuta ikipanda. Mzee alikuwa akisoma mara mbili na kupata wastani. Kijana alisoma mara moja, ikipotea, na namba yake ikawa kubwa siku zote. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Mzee aliondoka wiki mbili kabla ya kijana kuanza kazi, na hakuna karatasi yoyote iliyosema "soma mara mbili". Maarifa hayo yalikuwa mikononi mwake, akaenda nayo nyumbani.

Mwanafunzi alifuta sura nzima. Niliumia pamoja naye, maana nilijua miezi aliyoimwaga pale.

Tangu siku hiyo nazichukulia habari za watumishi kama sehemu ya data. Mtu akibadilika, kipimo kinaweza kubadilika, na anayesoma grafu miaka ishirini baadaye ana haki ya kujua ni lini na nani. Jambo hili si la ziwa letu peke yake. Nchini Marekani, vituo vingi vya hali ya hewa vilitegemea wananchi waliojitolea kusoma vipimajoto. Awali wengi walisoma jioni. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wengi wakahamia asubuhi. Kipimajoto cha kuhifadhi joto la juu kabisa kikisomwa na kuanzishwa upya jioni ya siku yenye joto kali, joto la jioni ile linabaki ndani na linaweza kuhesabiwa tena kama joto la siku inayofuata, hata kama siku hiyo ilikuwa na baridi. Walipohamia asubuhi, marudio hayo yakapungua, na rekodi ikaonyesha ubaridi ambao haukuwapo. Wanasayansi waliweza kusahihisha kwa sababu saa za kusoma zilikuwa zimeandikwa. Zisingeandikwa, wangebaki kubahatisha.

Upande wa pili wa habari hii unanipa moyo. Mwaka 1945 Mikhail Kozhov alianza kupima maji ya Ziwa Baikal huko Siberia, mahali palepale pamoja ziwani, kila baada ya siku saba hadi kumi, hata wakati wa barafu. Baada yake kazi ilishikwa na binti yake, Olga Kozhova, kisha mjukuu wake, Lyubov Izmest'eva. Mtu mmoja, ajira moja, isingefika popote. Vizazi vitatu vilipokezana. Matokeo ya miaka sitini yalipochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yale makubwa na baridi yalikuwa yameongezeka joto kwa nyuzi 1.21 tangu 1946. Ninapowaza badiliko dogo kama hilo lililosambaa katika miongo sita, najiuliza lingeonekanaje iwapo kila aliyeingia angekuja na namna yake ya kupima.

Si kila kituo kina familia ya namna hiyo, wala sidhani ni vyema kutegemea ukoo. Sisi wengine inatupasa tuandike kwenye karatasi kile ambacho mama humwonyesha binti yake wakiwa mtumbwini.

Habari za watumishi zina uzito kwa upande wa wanaoingia pia, na hapa ndipo naona vituo vingi vinajipunja. Mwaka 1919 Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza ambacho shamba lake la ngano la Broadbalk limepandwa na kupimwa tangu 1843, kilimwajiri mtaalamu wa hesabu, Ronald Fisher, kwa mkataba wa muda. Kazi aliyopewa ilikuwa kuangalia kama katika lundo la takwimu zilizokuwa zimerundikana kuna la kuvuna. Alikaa mpaka 1933. Uchanganuzi wa variansi (njia ya kutenganisha vyanzo vya tofauti katika vipimo) na upangaji wa majaribio kwa nasibu, mambo tunayomfundisha kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alivijenga pale akihangaika na lundo lile. Vilevile katika utafiti wa Ncha ya Kusini: Jonathan Shanklin aliajiriwa na taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika mwaka 1977, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta karatasi za vipimo vya ozoni zilizoandikwa kwa mkono na wapimaji wa kituo cha Halley. Mwaka 1985 yeye, Joe Farman na Brian Gardiner walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika lilikuwa linapungua vikali kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye mataifa yakasaini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni.

Kwa hiyo ninapotangaza kwamba tumempata mtu wa kuingiza data za zamani, siandiki tena kwa mstari mmoja mwishoni, baada ya maprofesa. Naeleza ni data zipi, za miaka gani, na ziko stoo ipi. Wapo waliowahi kunilalamikia kwamba natoa nafasi kubwa mno kwa watu wa vyeo vya chini. Siwezi kukubaliana nao. Profesa akihama, machapisho yake yanabaki yanasomeka kwenye majarida. Fundi, dereva wa boti, mtunza stoo ya sampuli wakiondoka, hakuna jarida lolote lililohifadhi wanachokijua. Dereva wetu wa boti anajua kwamba boya la kituo cha tatu husogea upepo wa kusini ukivuma siku mbili mfululizo, na hurudi kulitafuta kwa kutazama mnara na mwamba. Kifaa cha GPS hukosea kwa mita kadhaa, yeye ana mwamba. Hilo lilikuwa halijaandikwa popote mpaka mwaka jana nilipokaa naye saa nzima na daftari.

Kuna kundi jingine la kuangalia kwa makini: watafiti wa baada ya uzamivu. Hawa huja kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu, kulingana na fedha za mradi, na muda wao ukiisha huondoka hata kama kazi bado. Wanachoondoka nacho siku hizi ni programu za kompyuta. Data ghafi inabaki kwetu, lakini hatua za kuisafisha, kuondoa namba zisizowezekana na kujaza mapengo, zipo ndani ya kompyuta mpakato ya mtu aliyekwisha kuhamia bara jingine. Barua pepe yake ya chuo imefungwa. Unabaki na jedwali safi usilojua lilisafishwaje. Ndiyo maana katika tangazo la kumuaga mtafiti wa namna hiyo naweka mambo mawili ambayo zamani sikuyaweka. La kwanza ni mahali programu zake zilipohifadhiwa, na nani ndani ya kituo ameshaziendesha mwenyewe hadi mwisho, kwa sababu kuhifadhi peke yake hakutoshi. La pili ni namba yake ya utambulisho wa watafiti, ORCID, ile ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo humfuata mtafiti popote aendako na jina lolote atakalotumia baadaye.

Upandishaji vyeo, tuzo, semina: hayo naandika kwa ufupi. Ni mambo ya heri, watu wanastahili kupongezwa, na pongezi hazihitaji maelezo marefu.

Kitu kimoja sikiandiki kamwe ni sababu ya mtu kuondoka, kama si kustaafu au mkataba kuisha. Ugonjwa, mambo ya nyumbani, kutoelewana na mkuu wake, hayo ni yake. Rekodi inahitaji tarehe ya mwisho aliyoshika kifaa na jina la aliyekipokea. Nimeombwa mara mbili kuongeza zaidi ya hapo, nikakataa mara zote mbili.

Lililo gumu kuliko yote ni kuupata muda wa makabidhiano. Ofisi ya utumishi hupenda nafasi iwe wazi kwanza ndipo itangazwe, na kwa mantiki ya mishahara naelewa kwa nini: watu wawili hawalipwi kwa kiti kimoja. Lakini kwa vipimo vya muda mrefu, nafasi iliyo wazi mwezi mmoja ni pengo lisilozibika. Hata rekodi mashuhuri ya hewa ya ukaa aliyoianzisha Charles David Keeling kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiendelezwa leo na mwanawe Ralph, ina shimo la miezi michache mwaka 1964, fedha zilipokatwa. Hewa ya miezi ile haipo tena duniani kwa namna ile, hakuna atakayeipima.

Tulichokifanya mwaka huu ni kuomba wiki sita tu. Fundi wetu wa sasa, yuleyule aliyekuwa kijana wakati wa grafu ile, naye anastaafu mwisho wa muhula. Nilipeleka kwa wakuu grafu ya mwanafunzi na picha za kurasa mbili za daftari, ule wenye namba mbili na ule wenye namba moja. Sikuhitaji kusema mengi. Fedha zikapatikana kutoka mradi uliokuwa na salio, na dada anayempokea ameanza kazi kabla yeye hajaondoka.

Wiki iliyopita nilienda nao ziwani. Dereva alizima injini, tukangoja mawimbi yetu wenyewe yatulie. Fundi akashusha diski, akasoma kimyakimya na kuandika kwenye daftari lake, akiwa ameligeuza ili mwenzake asione. Kisha akampa kamba. Dada akainama, kofia imesukumwa nyuma, akaishusha, akaivuta juu, akaandika kwenye daftari lake. Wakalinganisha. Fundi alikuwa na mita 3.4, dada 3.6. "Rudia," fundi akasema, "mara hii usiifuate kwa macho ikizama, ngoja ipotee yenyewe." Alipata 3.5. Wakaandika zote tatu, na majina yao mbele ya kila moja, na dereva akawasha injini kuelekea kituo cha pili. Wamebakiwa na safari nne. Tangazo la muhula huu nitaliandika baada ya safari ya mwisho, na tofauti ya wastani kati ya macho yao itakuwa kwenye mstari wa pili, chini ya majina yao.