"Usiuguse kwa kisu, utasambaa": dhana inayonichosha kuliko zote

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Mama wa miaka hamsini na ushee, uvimbe titi la kushoto, ngozi juu yake imeshaanza kuvutwa ndani. Kabla sijamaliza kueleza kwamba nitamchoma ganzi na kuchukua kinyama kidogo kwenda kupimwa, binti yake akaniwahi: "Samahani daktari, hapo kwenye sindano ndipo tunapoogopa. Tumeambiwa saratani ukishaigusa tu, inasambaa mwili mzima." Nikauliza uvimbe ulianza lini. Wakatazamana. Mwaka jana, ukiwa kama punje ya mahindi. Mwaka mzima walikuwa wanaulinda usiguswe.

Kazi yangu ni upasuaji wa uvimbe, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msemaji hajafika katikati. Basi leo najibu kwa maandishi, kisha nitagusia nyingine chache ambazo nazo hazikosi kuingia na wagonjwa chumbani kwangu.

"Kukata au kuchoma sindano kunasambaza saratani"

Saratani haijawahi kusubiri kisu. Seli yake husambaa kwa juhudi zake yenyewe: hutoboa utando ulioitenga na nyama ya chini, ikapenya kwenye mshipa mdogo wa damu au wa limfu, ikasafiri, ikatoka mshipani mahali pengine na kuanza kujijengea mishipa ya kuilisha huko ugenini. Nyingi hufa njiani. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ini lilivamiwa mara nyingi sana, huku bandama, ambayo nayo hupokea damu nyingi, ikivamiwa mara chache. Akasema seli hizi ni kama mbegu, hazioti ila kwenye udongo unaozifaa. Mpaka leo tunaona hivyo hivyo: saratani ya tezi dume hupenda mifupa, hasa ya mgongo, ya utumbo mpana huenda kwenye ini kwanza, kwa kuwa damu ya utumbo hupitia huko. Sindano kuburura seli chache kwenye njia yake hakutoshi kuzifanya ziote kwenye mapafu.

Tena uvimbe wa sentimita moja, ule mdogo unaouona wa kupuuzwa, una mamia ya mamilioni ya seli. Kama ulikuwa na uwezo wa kusambaa, ulianza zamani, wewe ukiwa hujui kama upo. Na lile la "ukipigwa na hewa unachachamaa" ndilo silielewi kabisa. Uvimbe una damu, na damu inabeba oksijeni usiku na mchana. Hewa si mgeni kwake.

Sasa, watu hawakuliota jambo hili usingizini. Wameona kwa macho yao: jirani alikatwa, na baada ya miezi mitatu akazikwa. Sibishani na walichokiona, nauliza tu alifika hospitali lini. Mara nyingi alifika ini likiwa limeshajaa, akapasuliwa ili afunguliwe utumbo uliokuwa umeziba, na lawama ikaenda kwa kisu kwa kuwa kisu ndicho cha mwisho kuonekana.

Na hapa niseme la kwetu madaktari pia. Wapo wanaokata uvimbe kama wanavyopasua jipu. Hawajapiga picha wala kuchukua kinyama kabla. Wanang'oa kinachoonekana, wanaacha mizizi, na kibaya zaidi, kilichotolewa kinatupwa kwenye ndoo. Miezi michache uvimbe unarudi mkubwa kuliko wa kwanza, na familia nzima inaapa kwamba kisu kimeuchokoza. Kilichorudi ni kile kilichoachwa. Mgonjwa wa namna hiyo akinifikia nahangaika mara mbili: sijui uvimbe ulikuwa wa aina gani, na sijui mipaka yake ilifika wapi. Hasira yangu hapo si kwa mgonjwa.

Kwa uaminifu nitaje na pale ambapo tunaogopa sindano kweli, maana mtu akiyasikia pembeni atadhani nilimficha. Korodani yenye uvimbe unaotiliwa shaka hatuichomi kupitia mfuko wake. Tunaitoa nzima kupitia kinena, ndipo inapimwa. Jicho la mtoto lenye saratani ya retina halichomwi. Uvimbe wa ovari unaofanana na saratani hatuutoboi makusudi, tunautoa bila kuupasua. Sarkoma, zile saratani za misuli, mafuta na mifupa, zinachomwa, lakini njia ya sindano inapangwa na daktari atakayekuja kufanya upasuaji, ili njia hiyo nayo ikatwe pamoja na uvimbe. Uvimbe wa ini kwa mtu ambaye ini lake limeshasinyaa kwa makovu mara nyingi hutambuliwa kwa picha maalumu peke yake, na moja ya sababu ni kwamba sindano huko inaweza, mara chache, kuacha seli njiani. Haya yote yanajulikana, yanafundishwa na yanafuatwa. Kwa hiyo muulize daktari wako: nani atachoma, apitie wapi, na nani atasoma majibu? Hayo ndiyo maswali. Binti wa yule mama aliniuliza la mwisho, nikamjibu, na kesho yake wakarudi wamekubali.

Maana bila kinyama mimi ni kipofu. Chukua mtoki wa shingoni usioondoka. Unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Unaweza kuwa limfoma, saratani ya tezi hizo zenyewe. Unaweza kuwa saratani iliyoanzia kooni au nyuma ya pua na kushukia shingoni. Ukiupapasa ni uvimbe uleule. Kwa matibabu ni dunia tatu tofauti: dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa, au tibakemia, au mionzi. Titi nalo, jina "saratani ya matiti" halinitoshi. Nataka kujua kama seli zina vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na kama zina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Mwenye vipokezi vya estrojeni nitampa vidonge kwa miaka. Asiye navyo, vidonge hivyo ni kazi bure. Picha haiwezi kuniambia hayo, hata iwe ya mashine ya bei gani.

Ushauri wangu ambao wenzangu wananitania nao: kwa titi, omba sindano nene inayotoa kipande, si ile nyembamba inayofyonza seli tu. Na ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kinyama kilichopimwa, iombe nakala, uiweke na vyeti vyako. Wagonjwa wanatunza risiti miaka kumi, halafu karatasi ya maana kuliko zote wanaiacha kwenye faili la hospitali waliyohama.

"Wamesema si saratani, basi hauna shida"

Inategemea umekaa wapi. Uvimbe usio saratani hauvamii jirani wala hausafiri, ni kweli, lakini unakua, na fuvu halitanuki. Meninjioma nyingi, zinazoota kwenye utando unaofunika ubongo, si saratani, na bado zinaweza kuleta kifafa, kupooza mkono au kuondoa uwezo wa kuona. Uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ukipanda juu unabana neva za macho: mtu anaona mbele vizuri lakini anagonga milango kwa bega, kwa kuwa pembeni haoni. Mwingine wa tezi hiyohiyo unatoa homoni, na mwanamke asiyenyonyesha anatokwa maziwa. Huo mara nyingi tunautibu kwa vidonge bila kisu. Upo wa tezi iliyo juu ya figo unaopandisha presha kwa vishindo, pamoja na jasho na mapigo ya moyo. Fibroidi za kizazi kugeuka saratani ni nadra sana, ila zinaweza kumaliza damu ya mtu mwezi baada ya mwezi hadi apande ngazi akihema.

Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, ikiwa ndogo, laini, ya chini ya ngozi, mimi naiacha. Ikizidi sentimita tano, au ikiwa ndani ya msuli, au inaendelea kukua, piga picha kwanza, maana sarkoma nayo huanza hivyo kwa upole.

"Hauumi, kwa hiyo si kitu"

Kinyume chake. Saratani nyingi za matiti huanza bila maumivu yoyote. Jipu ndilo linalouma. Ukingoja uume, unangoja ufike kwenye neva au mfupa.

"Acha sukari, utaiua njaa"

Hii nayo inakaribia kunitoa machozi. Ina chembe ya ukweli: miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hula glukosi kwa kasi, na picha za PET hutumia tabia hiyo kuzitafuta. Lakini ubongo wako nao unawaka kwenye picha hizohizo. Ukiacha kula, ini litatengeneza glukosi kwa kuyeyusha misuli yako, na saratani itakuwa ya kwanza mezani. Mgonjwa anakuja amepungua kilo nane kwa kufunga, hana nguvu, chembe nyeupe za damu ziko chini, na mimi naahirisha dozi. Punguza soda, ndiyo, kama kila mtu. Lakini ule.

"Inaambukiza"

Haiambukizi. Kinachoambukiza ni baadhi ya visababishi: kirusi cha HPV kwa mlango wa kizazi, homa ya ini B kwa ini. Vyote viwili vina chanjo. Kula na mgonjwa sahani moja.

"Saratani ni moja, dawa yake itapatikana siku moja"

Karsinoma huanzia kwenye ngozi na kuta za viungo, lukemia kwenye uboho na damu, mieloma kwenye seli zinazotengeneza kingamwili, ikatafuna mifupa na kuchosha figo. Limfoma aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958, akiiona kwenye mataya ya watoto wa Uganda, inaweza kujiongeza maradufu ndani ya siku moja au mbili, na bado watoto wengi hupona kwa dawa peke yake. Saratani nyingine za tezi dume hutambaa polepole kiasi kwamba tunazifuatilia tu bila kuzitibu. Kuyaita hayo ugonjwa mmoja ni kama kusema homa ni ugonjwa mmoja.

"Mama yangu ana kansa tatu: ya titi, ya ini na ya mifupa"

Anayo moja. Seli za titi zilizohamia kwenye ini zinabaki seli za titi, na mtaalamu wa patholojia akizitazama huko kwenye ini anazitambua hivyo. Ndiyo maana tunazitibu kwa dawa za titi, na ndiyo maana dada mmoja aliyembadilishia mama yake hospitali mara tatu akitafuta "daktari wa ini" nilimwambia arudi kwangu na kile kipande cha kwanza kilichotolewa titini, au walau ripoti yake. Hakuwa nayo.