Mtangazaji anapolipwa mkeka ukichanika

Fedha za kampuni za kubeti huingia kwenye kipindi cha michezo kwa njia tatu. Msikilizaji wa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga, kwa kawaida huitambua moja tu, ile ya tangazo la sekunde 30, lenye muziki wake na onyo la miaka 18 linalosomwa mbiombio mwishoni. Mimi sina ugomvi na tangazo. Lina mwanzo na mwisho, na mtu anajua anauziwa kitu.

Ya pili ni udhamini: jina la kampuni linatajwa kipindi kikianza, kabla ya matokeo na kipindi kikifungwa. Hapo pia bado tunaonana.

Ya tatu ndiyo inayostahili kuchambuliwa. Mtangazaji mwenyewe anapewa namba ya promosheni, au linki ya kuweka kwenye ukurasa wake. Msikilizaji akijisajili kwa namba ile, anaandikwa kuwa ni "mtu wake". Malipo yake ni ama kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa kila aliyejisajili na kuweka fedha, ama kwa mgawo wa kile ambacho watu wake wamepoteza ndani ya mwezi. Kwa mgawo, mtu wake akishinda sana, akaunti ya mtangazaji inaingia hasi, na mikataba mingine huihamisha hasi hiyo hadi mwezi unaofuata. Kwa maneno mengine, huyu anayekuambia "leo tunakula" anapata hela yake ukiliwa.

Sasa tazama kwa nini mikeka ya redioni, yaani tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, huwa mirefu. Tuseme Coastal Union inacheza Mkwakwani na odi (namba inayozidishwa kwa dau lako ukipatia) ni hizi: nyumbani 2.10, sare 3.20, mgeni 3.30. Gawa 1 kwa kila odi. Unapata 0.476, 0.313 na 0.303, jumla 1.092. Kama kampuni isingejiwekea chochote, jumla ingekuwa 1 kamili. Ile ziada ndiyo sehemu yake. Gawa tena 1 kwa 1.092, unapata 0.916. Maana yake, kwa wastani wa muda mrefu, dau la shilingi 1,000 kwenye mechi moja linarudisha 916, na kampuni inabaki na 84. Hapo kodi ya ushindi haijakatwa.

Ukiunganisha mechi kumi za aina hiyo, 0.916 inajizidisha yenyewe mara kumi. Jibu ni kama 0.416. Shilingi 1,000 ileile sasa inarudisha 416 kwa wastani, kampuni inabaki na 584, karibu mara saba ya mwanzo. Mtangazaji mwenye mgawo wa robo, tuseme, anapata 21 kwenye mechi moja na 146 kwenye mkeka wa kumi. Hakuna haja ya kumwagiza mtu wa namna hiyo asome mikeka mirefu. Ataisoma tu, na huenda kwa nia njema kabisa, kwa sababu odi kubwa inasikika vizuri hewani. (Neno "uhakika" mbele ya odi ya 2.10 ni kichekesho. Odi hiyo yenyewe inakiri kwamba zaidi ya nusu ya mara timu hiyo haishindi.)

Athari ya pili ni kwenye habari yenyewe, nayo haisikiki kwa urahisi. Mkeka unahitaji mechi nyingi, kila siku, kwa hiyo muda wa kipindi unafuata ratiba ya Uingereza, Hispania na Italia, halafu unashuka hadi ligi ambazo mtangazaji hajawahi kutazama hata dakika tano. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wanabaki na dakika mbili, African Sports labda sentensi. Ripota wa kwenda mazoezini, kumuuliza kocha kwa nini beki wa kushoto hachezi, anagharimu nauli na siku nzima. Orodha ya odi inakuja bure kwa barua pepe, imeshapangwa.

Jambo la tatu ni kubeti mechi ikiendelea. Kampuni haisubiri redio wala televisheni. Kwenye mechi za aina hiyo kuna mtu jukwaani anayebonyeza kila goli, kadi na kona, na taarifa zinapita kwa wauzaji wa takwimu kama Sportradar na Genius Sports. Picha ya satelaiti inachelewa sekunde kadhaa, ya mtandaoni zaidi ya hapo. Penalti inapotolewa, kampuni inasimamisha kupokea madau wakati watu wa kibanda umiza bado wanaona mpira katikati ya uwanja. Hata ukiwahi kubonyeza, dau linasubirishwa sekunde chache kabla ya kukubaliwa. Kwa hiyo mtangazaji anayesema "odi imepanda, wahini" anawatuma watu kushindana na anayejua kabla yao.

Halafu kuna habari za ndani. Kanuni za maadili za FIFA zinawazuia wachezaji, makocha na viongozi kubeti mpira. Mwandishi wa habari hayumo. Anayejua tangu jana jioni kwamba kipa namba moja ameumia, wakati kikosi kitatangazwa saa moja hivi kabla ya mechi, hazuiwi na chochote isipokuwa kanuni ya chumba chake cha habari, kama ipo.

Wenzetu wamejaribu kwa viwango tofauti. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kubeti mwaka 2018. Hispania, mwaka 2020, iliyabana kati ya saa 7 usiku na saa 11 alfajiri. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa nembo za kampuni za kubeti kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26, lakini mkononi zimebaki. Marekani, televisheni ya michezo ya ESPN ilikodisha hata jina lake kwa kampuni ya kubeti kwa dola bilioni 1.5 za miaka 10, mwaka 2023. Mpango ukavunjika 2025.

Redio ya Tanga haiwezi kuikataa fedha hii kirahisi, na sitajifanya inaweza. Lakini mkataba unaweza kusahihishwa. Malipo yaende kituoni kwa kiasi maalumu, yasipimwe kwa waliojisajili wala waliopoteza. Namba za promosheni za watangazaji zifutwe. Odi zikisomwa, zisomwe ndani ya tangazo na sauti nyingine, si ya anayesoma habari. Wafanyakazi wa dawati la michezo wasibeti mechi za ligi wanayoiripoti, na iandikwe kwenye ajira zao.

Kifungu kinachosahaulika zaidi ni cha vipande vilivyopandishwa YouTube na Facebook. Mkataba unaisha, lakini video yenye namba ya promosheni inaendelea kusajili watu miaka miwili baadaye. Andikeni siku saba za kuifuta, na mtajeni kwa cheo atakayeifuta.