«Take» si «chukua»: dhana zinazotuponza

Dereva teksi mmoja wa mtaani kwetu, Dar es Salaam, alipata ujumbe wa mgeni usiku: "Kesho nichukue uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi." Akadamka, akaendesha hadi uwanjani, akasimama pale wanapotokea abiria. Mgeni naye amekaa kwenye ukumbi wa hoteli mjini, mabegi miguuni, anatazama saa. Ndege ilikuwa yake ya kuondokea. Alikuwa amefungua kamusi ndogo ya mfukoni, akatafuta "take", akakuta "chukua", akaamini.

Hiyo ndiyo dhana mama: kwamba "take" maana yake ni "chukua", kwisha habari. Ukweli ni kwamba "chukua" yetu inataka mzigo na wa kuubeba. Ndiyo maana aliyekubebea magunia ni mchukuzi, mwanamke huchukua mimba, na majirani wanaovumiliana husemwa wanachukuliana, kila mmoja amebeba kero za mwenzake. "Take" imejaa mwendo na mwelekeo: ukimtoa mtu hapa na kumfikisha kule, Mwingereza anaona ni "take", sisi tunaona ni kupeleka. "Take me home" ni "nipeleke nyumbani". Ukisema "nichukue nyumbani", nitakupitia kwako.

Kwenye dirisha la dawa kosa hilihili halichekeshi. Nimewahi kuona maelezo yaliyotafsiriwa "chukua vidonge viwili mara tatu kwa siku". Mgonjwa akivitia mfukoni ameshatii. Kiingereza kinaridhika na "take" kwa dawa karibu zote, lakini Kiswahili kinauliza inaingiaje mwilini: kidonge humezwa, ya maji hunywewa, nyingine hutafunwa, ya pumu huvutwa. (Najua wengi tunasema "nimekunywa dawa" hata kwa vidonge. Hapo hakuna anayepotea.)

Halafu kuna ile ya kwenye habari: "Mkutano huo ulichukua nafasi Dodoma." Kila nikiisoma nauliza, nafasi ya nani? Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alichukua nafasi ya John Magufuli. Hapo sentensi imekaa. Mkutano haujamrithi mtu, umefanyika. Aliyeandika aliona "take place", akavunja maneno mawili vipande akatafsiri kila kimoja peke yake. Dawa yake ni kuuliza tu: hicho kitu kwetu hufanywaje? Mechi huchezwa, ndoa hufungwa, mkutano hufanyika.

Ila nisije nikawa polisi wa lugha. Kuna wanaodhani kila "chukua" yenye harufu ya Kiingereza ni haramu, nayo ni dhana potofu. "Safari inachukua saa tisa" imeshakuwa yetu, hakuna anayekwazika. "Chukua boda" nayo nimeisalimu amri, ingawa mzee wangu bado anasisitiza kwamba boda hupandwa. Ukiichukua, mwenyewe atapiga kelele za mwizi. Ninachogomea bado ni kumwambia mtu "kiti hiki kimechukuliwa" na kiti kiko palepale mbele yake. Kina mtu, basi.

Wengine huona haya yote kama ushahidi kwamba Kiswahili hakijitoshelezi: Kiingereza kina neno moja, sisi tunahangaika na kumi. Mwulize basi Mwingereza anayejifunza Kiswahili habari za "piga". Tunapiga picha, simu, pasi, deki, mswaki, hodi na magoti, na hakuna aliyeumia. Yeye ndiye anayehangaika na maneno kumi. "Take" na "piga" ni vitenzi vilivyojimwaga hivyohivyo, uzito wa maana unabebwa na jina linalofuata. Tena hukutana uso kwa uso kwenye "take a photo", ambayo ni "piga picha". "Chukua picha" ni kuiondoa ukutani.

Sarufi sitaikawiza. Wengi hukariri kwamba "took" ni "nilichukua" na "have taken" ni "nimechukua", na mara nyingi hesabu inatoka. Inapogoma ni kwenye jana. Kwetu "nimeichukua jana" inasemwa bila tatizo. Kiingereza sanifu hakikubali "I have taken it yesterday". Ukitaja jana, rudi kwenye "took". Na "have took" iache kabisa kwenye mtihani.

Dhana ya mwisho ni kwamba kitenzi cha kawaida namna hii lazima kiwe Kiingereza cha asili. Hapana, "take" ni mhamiaji. Ilifika na watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza kisha wakalowea huko. Kwao ilikuwa "taka", na kwenye maandishi ya Kiingereza inaonekana kuanzia karne ya 11. Mwenyeji alikuwa "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani, naye akasukumwa polepole mpaka akatoweka. Kilichobaki ni mabaki tu, mojawapo "numb", yaani kiungo kilichokufa ganzi. Asili yake ni "kilichochukuliwa". Mwingereza wa zamani aliukalia mguu akaona umechukuliwa. Sisi tukiukalia, umekufa.