Banda la ufukweni na uhai wa kisiwa: dhana potofu na ukweli kuhusu Naoshima

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba jengo moja zuri, likisimamishwa ufukweni na msanifu mwenye jina, latosha kurudisha uhai katika kisiwa kinachohamwa na vijana wake. Mfano unaotajwa sana ni Naoshima, katika Bahari ya Ndani ya Seto nchini Japani, ambako kituo cha feri kilichosanifiwa na Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa kilifunguliwa mwaka 2006. Ukweli ni kwamba kituo hicho kilikuta kazi ya miaka mingi: jumba la sanaa la Benesse House lilifunguliwa mwaka 1992, na kuanzia 1998 nyumba kuukuu za Honmura, kijiji cha kisiwani humo, zikakarabatiwa moja baada ya nyingine ziwe mahali pa sanaa. Hata hivyo wakazi, waliokaribia 8,000 katikati ya karne iliyopita, enzi ambazo kiwanda cha kuyeyusha shaba kiliajiri wengi, leo ni takriban 3,000. Wageni wamekuja kwa wingi, lakini familia changa hazirudi bila ajira, nyumba na shule.

Wengi hudhani pia kwamba banda la umma sharti litawale mandhari. Kituo cha Naoshima ni paa bapa la mita 70 hivi kwa 52, lililobebwa na nguzo nyembamba za chuma, hivi kwamba anayeshuka kwenye feri huiona bahari na kijiji kwa pamoja. Chini ya paa hilo tiketi huuzwa, magari husubiri zamu, na abiria hungoja pasipo kunyeshewa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa kuwa mkazi anayevuka kwenda mji wa Takamatsu, ng'ambo ya bahari, ana sababu ya kuketi pale hata siku isiyo na mtalii.

Wapo wanaoamini kuwa wenyeji huhitajika siku ya uzinduzi tu. Katika kisiwa jirani cha Teshima, kilichoumizwa na taka za viwandani zilizotupwa kinyume cha sheria, mgahawa wa Shima Kitchen ulifunguliwa mwaka 2010, na wapishi wake ni wanawake wa kisiwani.

Mwisho, chuma kisichoshika kutu nacho huliwa na chumvi ya bahari. Gharama ya kukiosha na kukikagua iandikwe tangu mchoro wa kwanza, na ijulikane mapema ni mkazi gani atakayelipwa kuifanya kazi hiyo.