Gia Ikiingia Siyo, Anayeumia ni Injini

Dereva akikosea gia, hofu yake ya kwanza ni giaboksi. Kazi yangu ni klachi na giaboksi, na nasema bila kusita kwamba giaboksi mara nyingi hutoka salama. Anayeumia ni injini, na haumii liva inapoingia mahali pasipo pake, bali mguu wa kushoto unapoachia klachi. Katikati ya hayo mawili kuna upenyo mdogo, na injini nyingi zinazoshushwa kwa sababu hii zingepona kama dereva angejua kuutumia.

Chukua saluni ya kawaida ya petroli, yenye uwiano (idadi ya mizunguko ya injini kwa kila mzunguko unaotoka giaboksi) wa 0.81 kwenye gia ya tano na 1.90 kwenye ya pili. Uko kwenye kilomita 100 kwa saa, gia ya tano, injini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Unataka kuovateki lori, unashusha gia. Ingeingia ya nne, mshale ungepanda hadi 3,600 hivi na gari lingevuta vizuri. Ikaingia ya pili: ukiachia klachi, matairi yanaisukuma injini kupita 7,000, wakati gari nyingi za aina hiyo mstari wao mwekundu, yaani mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, uko kwenye 6,500 hivi. Kwenye kilomita 120 unafika 8,400.

Wapo wanaoamini kompyuta ya gari itazuia. Haiwezi. Inachojua ni kukata mafuta, na wakati huo injini haizungushwi na mafuta, inazungushwa na matairi.

Ndani yake, springi za valvu, vile vifuniko vya kuingizia hewa na kutolea moshi, ndizo huzidiwa mwanzo. Zimeundwa kuirudisha valvu kwenye kiti chake kwa kasi fulani. Ukiipita kasi hiyo, valvu inachelewa kufunga huku pistoni inapanda, na vinagongana. Nikifungua silenda hedi ya namna hiyo, juu ya pistoni nakuta alama zilizojikunja kama mwezi mchanga, valvu zimepinda, lakini mkanda wa taimingi, unaozipa valvu na pistoni mwendo unaolingana, ni mzima na alama zake zimekaa sawa. Hapo najua injini haikunoki yenyewe, hata kama tajiri ameambiwa hivyo. Injini kama 4A-FE ya Toyota zina nafasi ya kutosha kati ya valvu na pistoni, kwa hiyo valvu zinaweza kupona. Ila bolti za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, hazina msamaha huo, kwa sababu nguvu inayozivuta hupanda kwa mraba wa kasi: kutoka 6,500 hadi 8,400 ni ongezeko la kama theluthi mbili.

Dizeli ni hatari zaidi, na madereva wake ndio hujiamini zaidi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser hutoa nguvu yake yote kwenye 3,800, kwa hiyo huhitaji mwendo mkali kuipitisha mpaka. Kushuka mlima Kitonga na mzigo ni mahali ambapo mkono wenye haraka unaweza kuleta gharama kubwa.

Sasa ule upenyo. Kabla gia haijaingia, pete ya shaba ndani ya giaboksi inajaribu kusawazisha kasi, na kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo liva inavyokuwa nzito. Uzito huo ni onyo. Usiisukume kwa nguvu. Kama imeshaingia, usiachie klachi. Kama umeshaachia na gari limenguruma na kukurusha mbele, kanyaga tena papo hapo, kisha toa liva uweke frii. Kukanyaga peke yake hakutoshi: pleti ya klachi bado inazungushwa na matairi kupitia ile gia ndogo, na ikizungushwa kupita kiasi inaweza kupasuka. Rudi frii, shika usukani, chagua gia upya.

Kuhusu rivasi, watu huiogopa kupita inavyostahili. Gari likiwa linakwenda mbele kwa kasi, kwa kawaida meno yanakwaruzana tu na gia inakataa kuingia. Meno yataliwa, lakini injini haitajua.

Mkono wenyewe hukosea kwa sababu tunaukaba ule mpira wa liva. Liva ina springi inayoirudisha katikati, kwenye mstari wa tatu na nne. Kutoka ya tano, itoe tu, iache ijirudie katikati, halafu ivute nyuma kwa kiganja kilicholegea. Ukiisukuma kushoto wewe mwenyewe, ya pili inakusubiri. Bushi za liva zikichakaa au maunti za injini zikikatika, njia za gia zinapoteza mipaka yake na hata mkono mzuri unapotea. Bushi hizo ni za bei ndogo mno ukilinganisha na kushusha injini. Zibadilishe.

Ikishatokea, simama pembeni, acha injini ikae sailensa, yaani izunguke bila kukanyaga mafuta, usikilize. Ikitetemeka, ikigonga, au mvuto ukipungua, izime na usiipige starta tena na tena. Valvu iliyopinda kidogo inaweza kukatika na kuangukia ndani ya silenda. Vuta gari hadi kwa fundi, apime kompresheni silenda moja moja. Hata kama injini imetulia, pima hivyo hivyo.