Ukanda ni nini hasa? Anzia kwenye merikani

Bibi yangu hapa Bagamoyo kile kitambaa cha pamba kizito ambacho hakijapaushwa, chenye rangi kama ya maziwa, mpaka leo anakiita merikani, na jina limekuja na mali yenyewe, maana miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts walikuwa wanashusha majora Zanzibar, yanavushwa huku kwetu, wapagazi wanafunga mitumba wanaelekea nayo bara. Pamba yake imelimwa na watumwa kusini mwa Marekani, imefumwa viwandani kaskazini. Na hizo kanda mbili ndo zilikuwa zinavutana.

Ukanda ni pale watu wa sehemu moja ya nchi wanaposukuma sera za taifa zima ziendane na kile kinachowalisha wao. Wengi tunauchanganya na ukabila ila ni vitu viwili, watu wanaweza kuwa wa asili moja na dini moja wakagombana vizuri tu kwa sababu hawa wanalima na wale wana viwanda.

Marekani ilikuwa bado nchi changa. Kaskazini wanataka ushuru mkubwa kwenye bidhaa za Uingereza ili viwanda vyao vipumue, Kusini wanamuuzia pamba Mwingereza huyohuyo na wananunua vitu vyake, kwa hiyo ushuru kwao ni kuongezewa bei. Magharibi wao walitaka barabara, mifereji na ardhi ya bei rahisi. Henry Clay wa Kentucky akaja na mpango wa kuwafunga pamoja, ushuru ulinde viwanda, hela ijenge njia, na benki ya taifa iwepo, Kusini wakaona mzigo wote wanatwishwa wao.

Kinachonishangaza mimi ni Calhoun na Webster. 1816 John C. Calhoun wa South Carolina, jimbo la Kusini, anautetea ushuru bungeni, Daniel Webster anaupinga kwa sababu matajiri wa kwao New England, kule Kaskazini, bado walikuwa watu wa meli, na meli inataka mizigo itoke nje. Kufika 1828 wamebadilishana viti kabisa, hela ya New England imehamia viwandani na Webster anaunga mkono, Calhoun ni makamu wa rais na anaandika waraka wa kuupinga bila kuweka jina lake. Hapo ndo utaona ukanda unavyofanya kazi, kwao kumebadilika na wao wakabadilika.

1832 South Carolina ikatangaza sheria za ushuru ni batili ndani ya jimbo lake, Rais Andrew Jackson akatishia kupeleka jeshi, na 1833 Clay akawapatanisha kwa ushuru wa kushuka kidogo kidogo. Lakini anayekwambia ugomvi ulikuwa ushuru tu usimkubalie, Kusini waliogopa kwamba serikali kuu ikiweza kuwalazimisha kwenye ushuru kesho itaugusa utumwa, na sisi tuliokulia Bagamoyo uzito wa neno hilo tunaujua, lipo kwenye kuta za mji.

Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza 1861 pamba ya Kusini ikakwama, viwanda vya Kaskazini vikakosa cha kufuma, na merikani ikaadimika huku pwani hadi vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Vikakuta watu wameshazoea kuomba merikani.